Foto ya Noeli: nani atasimama ndani yake?

Noeli imekaribia na Bonane iko nyuma yake. Sokoni Virunga vikwembe vimeanza kupanda bei, wasusi wa Birere wanakula wakiwa wamesimama, na watoto wanahesabu siku kwa vidole. Kila mwaka wakati kama huu tunazungumza juu ya nguo, mchele, nyama, na madeni yatakayotungoja mwezi wa kwanza. Mwaka huu wa 2021 kikundi chetu cha akiba kimeweka kitu kingine mbele ya hivyo vyote: kila jamaa ya kikundi ipigwe foto moja, foto hiyo itolewe kwenye karatasi, na majina yaandikwe mgongoni.

Tunasikia tayari mtu akisema: foto tena? Kuna watoto wanaolala bila kushiba, kuna jamaa zilizo bado chini ya mahema tangu mwezi wa tano, na ninyi mnazungumza foto? Swali hilo tuliulizana sisi wenyewe katika mkutano wa mwezi wa kumi, tena kwa sauti kubwa, na mama mmoja alisimama akafunga kikwembe chake ili aondoke. Aliyemrudisha kwenye kiti ni mwenzetu wa Buhene. Alisema polepole: «Mimi nilitoka nyumbani na watoto wanne. Nilipofika Sake nilikuwa na watatu. Yule mwingine nilimtafuta siku mbili, na sikuwa na kitu cha kuonyesha mtu. Nilikuwa naonyesha kimo chake kwa mkono, hivi.» Akanyoosha mkono kwenye usawa wa kiuno chake. Yule mama mwingine alikaa.

Wote tunakumbuka. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano, jioni, mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo. Umeme ukakatika sehemu nyingi za mji, watu wakatoka na magodoro kichwani, wengine wakaelekea Gisenyi, wengine Sake. Lava ilifunika nyumba upande wa Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kesho yake UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao. Na huo ulikuwa usiku mmoja tu. Alhamisi tarehe 27, asubuhi mapema, tukaambiwa kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji wetu zihame mara moja, na barabara ya Sake ikajaa watu hata gari halikuweza kupita gari lingine. Tulianza kurudi mwezi wa sita. Watoto wengi walipatikana, Mungu ashukuriwe. Lakini ilichukua siku, na kwa wengine wiki, na kwa wengine bado.

Fikirini tu. Mtoto wa miaka minne akipotea, anasema nini? Anasema jina lake, moja. Mama yake anaitwa «mama», baba yake anaitwa «papa». Ukimuuliza wanakaa wapi atasema karibu na kanisa, na mji huu una makanisa kuliko maduka. Hata sisi wakubwa tunaitana kwa majina ya watoto wetu wa kwanza, mama ya fulani na mama ya fulani, na kuna majirani waliokaa miaka kumi kwenye ukuta mmoja bila kujuana majina ya karatasi. Mtu wa Msalaba Mwekundu anayeshika daftari ataanzia wapi? Wale wenye umri kati yetu wanakumbuka mwaka wa 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa huku kwetu, jinsi watoto waliokuwa peke yao walivyopigwa foto, na foto zao zikapangwa ili wazazi wapite waangalie uso kwa uso.

Mtatuambia kwamba foto ziko, zimejaa ndani ya telefone. Ndiyo, zimejaa. Mia mbili, mia tatu, na nusu yake ni za sahani za chakula na za yule mtoto mmoja anayependa kupigwa. Lakini telefone inaibiwa Birere mchana kweupe. Inaanguka ndani ya beseni la maji. Na mwezi wa tano, baada ya siku mbili bila umeme, telefone nyingi zilikuwa kama jiwe mfukoni. Mama alijua kwamba uso wa mtoto wake umo mle ndani, lakini hakuweza kuutoa. Karatasi haiombi umeme.

Kuna sababu nyingine pia, na hii ilitufikia kupitia kwa koko mmoja, mama mzazi wa mwenzetu, mwenye wajukuu kumi na mmoja. Koko huyu amekimbia Nyiragongo mara tatu. Mwaka wa 1977 alikuwa kijana. Mwaka wa 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, ilichukua nyumba yake na kila kitu kilichokuwa ndani yake: kitanda cha ndoa, cherehani, na sanduku la bati lenye foto zote, ya arusi, ya ubatizo wa watoto, ya mumewe akiwa amevaa koti aliloazima kwa kaka yake. Tangu pale hakupigwa tena foto isipokuwa ile ya kadi ya uchaguzi. Anatembea nayo ndani ya kitambaa, kifuani.

Mnajua mambo ya kadi ya uchaguzi. Kwetu ndiyo karatasi inayotutambulisha kila mahali, na kwa wamama wengi wenye umri ndiyo foto yao ya pekee duniani. Mtu akifa, watoto wanaichukua mbio kwa mtu wa ordinatere ili aikuze, iwekwe mbele kwenye matanga. Inatoka uso wa kijivu, macho yamefumbwa nusu, hakuna sikio, na watu wanaokuja kulia wanauliza kwa siri: huyu ni yeye kweli? Sisi wote tumeketi mbele ya foto kama hiyo, na tunasema wazi kwamba hatupendi mama aliyelea watoto wanane akumbukwe kwa uso aliofanya siku aliyopigiwa kelele asitikisike.

Tulipomwambia koko habari ya foto ya Noeli, alituangalia sana, kisha akauliza: «Ni ya kunizika?» Binti yake alitaka kukataa, akashindwa kusema. Koko akacheka. «Basi kama ni ya kunizika, nataka ionyeshe miguu. Na miguu iwe na viatu.» Kijana mpiga foto, aliyekuwa amekuja kuona mahali, akamwambia: «Koko, siku ile utacheka hivyo hivyo.» Akajibu: «Nicheke na meno gani?»

Kwa hiyo moja ya shauri letu la kwanza ni hili: msiwakate wazee miguu. Wapiga foto wa leo wanapenda kukaribia uso kwa sababu telefone imewazoesha. Mwambieni arudi nyuma. Mzee aketi katikati, kwenye kiti chenye mgongo, si kwenye bido lililogeuzwa. Mikono yake ionekane pia, kwa sababu wajukuu wanakumbuka mikono kuliko unavyofikiri.

Sasa tuje kwenye nguo. Hapa ndipo mambo yalitaka kutushinda, wala si kwa sababu ya feza peke yake.

Desturi tunaijua: Noeli ikija, jamaa nzima inavaa kikwembe kimoja. Baba shati, mama na wasichana gauni, mtoto mchanga kofia. Mwenzetu mmoja alinunua kipande cha yadi 6. Ana watoto watano, na tangu mwezi wa sita ana wa sita, msichana wa miaka saba hivi, aliyepatikana kwenye barabara ya Sake akifuata watu asiowajua. Habari yake ilipelekwa kwa shefu wa kartie na kwa Msalaba Mwekundu, redio ilitangaza jina analolisema, na hadi leo hakuna aliyekuja. Anakula hapo, analala hapo, anamwita mwenzetu mama. Mshonaji alipopima, yadi 6 ziliishia kwa mtoto wa tano. Na wakati mwenzetu alipokuwa bado anajiuliza atafanya nini, wakwe zake wakasema neno lao: vizuri zaidi hivyo, maana foto ya jamaa ni ya damu.

Alileta jambo hilo kwenye mkutano, tukalizungumza mpaka sombe ikaungua kwenye jiko la aliyetupokea. Hatutaficha kwamba tulikuwa pande mbili. Wengine walisema wakwe hawana kosa lote. Foto inadumu. Kesho jamaa halisi ya msichana ikitokea na kumwona amevalishwa kikwembe cha watu wengine, katikati ya watoto wa watu wengine, watasema nini? Kwamba mliiba mtoto, mlimbadilisha jina. Mama mmoja aliongeza, na alikuwa na haki, kwamba katika mji huu mashtaka yameanzia kwenye vitu vidogo kuliko hivyo. Upande mwingine walisema: mweke nje ya foto, halafu umwangalie usoni wakati anaposimama kando ya mpiga foto akiwatazama wenzake wakipangwa. Miaka saba si mtoto mchanga, anajua kuhesabu watu. Na karatasi ile itatundikwa ukutani, ataiona kila siku akienda kuchota maji na akirudi.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa upande wa pili, tusijifanye kwamba hatuna upande. Anayekula kwenye sufuria moja na watoto wako siku ya kawaida, hawezi kuwa mgeni siku ya Noeli. Lakini hofu ya wale wengine haikuwa ya bure, na tulitafuta njia ya kuijibu badala ya kuikanyaga. Mwishowe tulikubaliana foto mbili. Ya kwanza ya jamaa nzima, naye ndani yake, na mgongoni jina lake kama anavyolisema yeye mwenyewe, si jina la ukoo wa nyumba ile, pamoja na neno moja wazi: «amekaa nasi tangu mwezi wa 6, 2021». Ya pili yake peke yake, uso mzima na kimo kizima, itolewe mara tatu: moja ibaki naye, moja iende kwa shefu wa kartie, moja kwa wale wanaotafuta jamaa zake. Foto hiyo ya pili italipwa na sanduku letu la msaada. Kwa njia hiyo foto inamweka nyumbani na bado inamtafutia kwao. Wakwe walipoelezwa, baba mkwe alinyamaza kidogo, kisha akasema hana neno. Mama mkwe bado ana neno, lakini atakuja.

Na kikwembe? Mshonaji ndiye aliyetatua, kwa makasi. Alitwaa vipande vilivyobaki mezani akamshonea msichana kola na mkanda juu ya gauni lake jeupe la Jumapili. Tulipoona jinsi ilivyopendeza, nusu ya kikundi wakaacha shauri la kununua kipande kizima. Kitambaa cha kichwa kwa mama, mfuko wa shati kwa baba, utepe kwa wasichana, vyote kutoka yadi 2, na jamaa inaonekana moja. Feza inayobaki inanunua mafuta na sambaza.

Juu ya rangi, tuseme machache tuliyoyajifunza kwa kijana wetu. Nyeupe tupu ni ngumu kwetu, kwa sababu vumbi letu jeusi halisubiri. Tena tunajua wenyewe jinsi maji yalivyokuwa taabu tangu lava ilipoharibu hifadhi kubwa ya maji na mabomba, na mama aliyenunua bido tatu kwa mtu wa chukudu hawezi kufua mara mbili kwa ajili ya foto. Nyeusi nayo, ukisimama mbele ya ukuta wa mawe ya lava, unapotea, vinabaki vichwa vinavyoelea. Ukuta mweupe ni adui mwingine: kamera inaona weupe wake, inatia giza kwenye nyuso zetu. Simameni mbele ya mbao za nyumba zilizopakwa buluu au kijani, au mbele ya ua wa miti. Na wamama, mafuta! Tunajua ni upendo, lakini mtoto aliyepakwa mafuta ya sikukuu anang'aa kama sambaza iliyotoka kwenye karai, na paji la uso linarudisha mwanga wote. Mpake usiku, asubuhi mpanguse kwa kitambaa.

Saa yetu ni saa moja ya asubuhi hadi saa tatu na nusu. Kwetu, karibu na ikweta, jua la saa sita linakuja kutoka juu ya kichwa na kutia kivuli ndani ya macho, hata mtu aliyelala vizuri anaonekana mgonjwa. Baada ya saa nane mwezi huu mvua haiombi ruhusa. Asubuhi jua linatoka upande wa Gisenyi, limelala, laini. Msilitazame machoni wala msilipe mgongo, liwe ubavuni. Barakoa ziwekwe mfukoni kwa dakika hizo chache. Wanaotaka kwenda ziwani waende, ni pazuri, ila tusimame mbali na kambi za askari na uwanja wa ndege. Tuko chini ya état de siège tangu mwezi wa tano, na kamera iliyoelekezwa vibaya inaweza kuharibu sikukuu ya jamaa nzima.

Siku tuliyochagua ni Jumapili tarehe 19, wiki moja kabla, wala si Noeli yenyewe. Siku ya Noeli kila mpiga foto wa mji yuko barabarani na bei yake iko juu ya mti, watoto wana mchuzi kwenye kola, na baba amekwisha kutembelewa na marafiki zake. Tena wenye mashine za kutoa foto wanajaa watu, umeme unakatika, na karatasi yako inakuja mwezi wa pili, kama inakuja. Mwaka mmoja huko nyuma mpiga foto mmoja alichukua feza ya nyumba tisa mkono kwa mkono, na hadi leo tunazisubiri hizo foto. Kwa huyu wa sasa tumeweka masharti: nusu kabla, nusu karatasi zikiwa mikononi. Aliomba franka 3.000 kwa foto. Nyumba zetu ni 23, tukamwonyesha hesabu, akashuka hadi 2.000 kwa foto ya kwanza na 1.000 kwa ya pili. Kila nyumba imekuwa ikiweka franka 300 kila wiki kwa wiki kumi, na wengi hawakuhisi hata uzito. Vikundi vingine vinaweza kuanza sasa kwa ajili ya Pasaka.

Wenye watoto wachanga wataanza, kabla ya usingizi na njaa kuwakamata. Kila jamaa ina dakika sita. Anayegombana na mumewe juu ya nani asimame wapi, agombane Jumamosi.

Tuseme pia juu ya wasiokuwapo, kwa sababu ndiyo maumivu ya nyumba nyingi. Kuna waume walio Walikale kwenye machimbo, kuna walio jeshini, kuna walioondoka bila kusema wanarudi lini. Kijana wetu anajua kumwingiza mtu ndani ya foto kwa ordinatere, na ametuonyesha moja: baba anaelea pembeni bila miguu, jua lake linatoka upande mwingine. Watoto walicheka, mama yao hakucheka. Sisi tunaona afadhali kuacha nafasi yake ilivyo na kuandika mgongoni alipo. Akirudi Bonane, mpigeni naye nyingine. Kwa wajane, wengine wanaogopa kushika foto ya marehemu mapajani, wanasema ni kuita kifo kingine. Wazee wetu hawakubaliani juu ya hilo, nasi hatumlazimishi mtu. Lakini mama mmoja ana mtoto aliyezaliwa miezi mitatu baada ya baba yake kuzikwa, naye ameamua kuishika. Anasema mtoto huyo hana njia nyingine ya kukaa karibu na baba yake.

Ndugu zetu walio Kanada na Norwe nao wanatutumia foto za Noeli, wamesimama ndani ya theluji, makoti hadi magotini, pua peke yake ndiyo inayoonekana. Tunazipenda. Ila koko akipewa telefone amwone mjukuu wake, anauliza: «Huyu ndani ya blanketi ni nani?» Tukiwaandikia mwezi huu, tuwaombe wapige moja ndani ya nyumba, kichwa wazi, wote, na watuambie jina la kila mtoto aliyezaliwa huko. Na sisi tuwatumie yetu. Nakala ya foto iliyo Montréal haifikiwi na lava.

Mgongoni mwa foto, biki ya kawaida haishiki vizuri, inateleza, na ukikandamiza inatoboa alama upande wa uso. Andikeni kwanza kwenye kipande cha karatasi, kibandikeni kwa gundi kidogo. Au tumieni kalamu ya wino mzito na kuacha ukauke kabla ya kupanga foto moja juu ya nyingine. Majina kuanzia kushoto kwenda kulia, yote matatu, ya mtoto na ya wazazi, si «mama ya fulani». Mwaka. Goma, na kartie. Namba mbili za telefone, moja ya mtu anayekaa nje ya mji. Maandishi hayo yabaki mgongoni na ndani ya nyumba. Tusiyapige nayo foto na kuyatuma huku na huku kwenye telefone, maana jina na uso wa mtoto pamoja si kitu cha kumpa kila mpitaji.

Nakala ya kwanza itundikwe au iwekwe mahali penu pa heshima. Ya pili iingie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya ndoa, karatasi za chanjo na za masomo, na mfuko huo ukae kwenye msumari karibu na mlango, si chini ya kitanda nyuma ya sanduku. Watoto wakubwa waonyeshwe msumari huo. Wa miaka minne na mitano wafundishwe jina lote la mama, kama wimbo, wakati wa kuoga. Kuna mama ambaye mwanawe sasa analiimba barabarani kwa sauti mpaka wauza makala wanamsalimia kwa jina la ubatizo, jambo ambalo hata mumewe halifanyi.

Bado hatujakamilisha. Kiti chenye mgongo tumekipata kwa jirani, atakileta Jumamosi jioni. Mvua ikinyesha asubuhi ile, tutahamia barazani kwa mweka hazina, pana nafasi ya watu kumi na wawili, na wenye jamaa kubwa watasubiri ikatike. Jamaa mbili hazijamaliza kulipa, na komite imeamua zipigwe pamoja na wengine, zitamalizia mwezi wa kwanza. Viatu vya koko ndivyo bado. Anavaa namba 36, hataki vyenye kisigino wala vya plastiki, na amesema vya kuazima hapana, kwa sababu marehemu mumewe alipigwa na koti la kuazima na alilirudisha siku ile ile. Mwenye kujua fundi viatu mzuri upande wa Majengo atuambie kabla ya Jumamosi.